Msomaji wa Mita

Vijana wanaoajiriwa idara ya simu siku hizi wanaamini kwamba Mama Soksi alikuwa akiuza soksi. Mmoja wao aliwahi kumwuliza uso kwa uso, kwa adabu zake zote, eti mama, duka lako lilikuwa upande gani, hapa getini au kule kituoni? Mama Soksi alimtazama, akaona kijana hana ubaya, akamjibu kwamba lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa korido, mlango ulioandikwa Stoo ya Betri. Kijana akashukuru, akaenda zake. Hakujua kwamba ametajiwa maabara.

Basi tuanzie huko huko stoo, maana ndiko maisha ya mwanamke huyu yalikochomoza na ndiko yalikofukiwa.

Alikuwa mwanafizikia, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na idara ile kwa kazi isiyokuwa ya kupokea simu wala kupiga taipu. Siku ya kwanza mlinzi alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha makarani, akamwonyesha kiti kilichokuwa wazi. Alipokwenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi aliisoma barua yake ya ajira mara mbili akitafuta kosa, na alipolikosa akampa stoo. Sakafu ilikuwa na madoa ya asidi. Dirisha lilikuwa moja na halikufunga. Hapakuwa na dari, ni bati tupu, kwa hiyo asubuhi baridi iling'ata masikio na mchana ungeweza kukausha nguo humo ndani. Alipewa meza mbili, mita ya kupimia mwanga, darubini, roli la uzi wa kioo, na leza iliyokuja kwenye sanduku la msaada ikakosa mwenyewe.

Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele. Mwanga ukiingizwa ncha moja husafiri umefungiwa ndani, hupinda nao kona zote, na hutokea ncha ya pili ukiwa umebeba maongezi ya watu maelfu kwa mpigo. Wakati ule simu zote nchini zilipita kwenye waya za shaba, na shaba inaibwa, inaingia maji, inachoka. Yeye alikuwa amesomea uzi huu miaka minne ughaibuni. Alipowaeleza wakubwa kwamba siku moja simu zitapita kwenye kioo, mmoja wao aliuliza kama kioo kikivunjika simu zitamwagika. Kikao kizima kilikufa kwa kicheko, na utani huo ulimfuata kantini mwaka mzima.

Alikuwa ameolewa. Mumewe alikuwa mhandisi wa idara hiyo hiyo, sehemu ya mipango, ghorofa mbili chini yake. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili makusudi, kwa sababu angekuwa mbaya hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia na nyepesi kuibeba. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono, mashati yake alipiga pasi mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa wa kuchongwa, hata barua yake ya kuomba likizo makarani waliipitisha meza kwa meza wakiisifu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kumkatiza mtu anayemsifia.

Mwaka wa tatu serikali ilinunua mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo, kilomita hamsini, kutoka kampuni ya nje, ili uunganishe mitambo miwili mikubwa ya simu. Ukazikwa, ukazinduliwa kwa hotuba, na miezi ya baridi ilipoingia simu zikaanza kukatika. Wataalamu wa kampuni walikuja wakaangalia siku mbili, wakasema mkongo hauna neno, ila mafundi wenu hawajui kuunga. Nyuzi hizi huungwa kwa kuyeyusha ncha mbili mpaka zishikane, na kiungo kikikaa kombo mwanga huvuja. Kesho yake mafundi saba wakasimamishwa kazi.

Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye miaka ishirini na mbili kazini. Alipanda ngazi mpaka stoo ya betri, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Binti yangu," alisema, "mimi mikono yangu haijaanza kutetemeka. Wewe una mashine ya kupima mwanga. Nipimie, unihukumu wewe."

Binti akakubali. Kwanza aliomba kitabu cha malalamiko kutoka mitamboni, akakaa nacho siku nzima. Simu zilikatika alfajiri, zikasumbua hadi saa tatu, na kufikia saa sita mchana zilikuwa safi. Akarudia kurasa. Kila siku hivyo hivyo. Akajiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza: kiungo kibovu si kibovu kutwa nzima? Kinaponaje mchana? Wataalamu hawakujiuliza, kwa kuwa walifika kazini saa nne, wakishamaliza kifungua kinywa cha hoteli.

Akaleta roli la mkongo ule ule, halina kiungo hata kimoja, akaliweka chini ya lile bati lake. Chumba alichopewa kwa dharau kilimpa baridi ya alfajiri na joto la mchana bila gharama yoyote. Alipima kila nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba. Kila kipimo kilitaka ncha ya uzi ikatwe upya, sawasawa, kisha ishikwe kwa mikono miwili mbele ya jicho la mita bila kupumua. Ukishika kalamu umeuachia uzi, na ukiuachia uzi umeanza upya. Kazi ilitaka watu wawili, na mafundi wote waliokuwa wakimsaidia walikuwa wamefukuzwa getini. Mumewe akasema yeye atakuja.

Sasa sikiliza jambo la fomu, maana ndilo lililomwua. Mwaka huo huo ilitoka amri kwamba fomu zote za idara ziwe za Kiswahili. Wahandisi wanaume waliona hiyo ni kazi ya makarani, makarani wakaona ni ya wasomi, mwishowe ikatupwa stoo ya betri. Yeye aliipenda. Kwa fomu ya vipimo alikaa siku mbili, kwa sababu chini ya kila ukurasa palitakiwa sahihi za watu wawili na majina ya kigeni yaliyokuwapo hayakumwingia mtu akilini. Akaona mambo yako wazi. Anayesoma mita ni nani? Msomaji. Anayeandika tarakimu ni nani? Mwandishi. Aliyaona maneno hayo ni safi, mafupi, hayana madaha. Alijipongeza hata.

Kwa hiyo miezi kumi na moja, kila ukurasa wa daftari lile ulitiwa sahihi mbili. Msomaji, mke. Mwandishi, mume.

"Sifuri nukta tisa," alisema mke, jicho kwenye mita.

"Sifuri nukta tisa," alirudia mume akiandika, ili kusiwe na kosa.

Walivaa makoti mawili mawili asubuhi na kuyavua moja moja jua lilivyopanda. Walikuwa na chupa moja ya chai na vikombe viwili, na mume alizoea kumshikia mkewe kikombe mdomoni kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Walikuwa na furaha, tena furaha ya kweli. Mama Soksi mwenyewe akifika hapo katika kumbukumbu zake huwa ananyamaza, maana angepata nafuu kama angekumbuka ugomvi.

Mwezi wa nne alichukua wembe, akavua ile plastiki ngumu inayofunika uzi, akapima kioo kikiwa uchi. Asubuhi, mchana, kipimo ni kile kile. Akajua mkosaji ni koti. Plastiki ile ilishikana na kioo moja kwa moja, baridi ikiingia inasinyaa, ikisinyaa inakibana kioo, na kioo kinajikunja mikunjo midogo ambayo jicho haliioni. Kila mkunjo ni tundu la kuvujia mwanga. Mchana koti likilegea, uzi unanyooka, simu zinapona.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na mumewe akacheka mpaka akachafua ukurasa kwa wino.

Fundi mkuu alipokuja kusikia hukumu yake, alielezwa kwa lugha ya miguu. Uzi huu, mzee, umevalishwa kiatu kigumu bila soksi. Tuuvishe soksi kwanza, kitu laini, kisha kiatu juu yake. Mzee alielewa palepale, akaketi juu ya sanduku la leza, akafunika uso kwa kofia yake. Miezi saba iliyobaki mwanamke yule alipitisha nyuzi kwa mkono, mita kwa mita, ndani ya kikombe cha mpira laini ulioyeyushwa, akiukausha kwa taa, akivika plastiki juu, akipima. Alijaribu mipira kumi na minne. Wa kumi na mbili ulikubali. Mafundi saba wakarudishwa kazini bila hata barua ya samahani, na kampuni ikaanza kuleta mkongo wenye makoti mawili bila hata barua ya asante. Mafundi ndio walioanza kuliita koti la ndani soksi, na aliyelibuni wakamwita Mama Soksi. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyopewa na kazi ile, nayo imegeuka kichekesho.

Ripoti aliipiga taipu mwenyewe, kurasa sitini. Kwenye jalada aliweka majina kama yalivyokuwa kwenye daftari, msomaji na mwandishi, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu na utaratibu ulikuwa wake. Ukaja mwaliko wa mkutano wa kimataifa. Tiketi ilikuwa moja, na yeye alikuwa na mimba ya miezi minane. Daktari akamkataza kupanda ndege. Akaenda mume, na ripoti kwenye mkoba, baada ya mke kumfundisha majibu ya maswali wiki nzima mezani.

Asiyekuwepo na lake halipo. Huko ughaibuni mkalimani alisoma jalada, akatafsiri alivyojua yeye. Mwandishi ni mwenye kitabu. Kuna mtu asiyejua hilo? Na msomaji ni yule anayepewa kitabu kikishaandikwa. Mume akapandishwa jukwaani, ukumbi ukasimama, picha yake ikaingia gazetini: mwandishi wa utafiti uliookoa mkongo. Alirudi nyumbani na gazeti na nguo za mtoto. Mkewe alikuwa amejifungua binti siku nne zilizopita.

"Tazama walivyokosea," alisema akicheka, ameketi pembeni ya kitanda. "Wanadhani ni kazi yangu. Nitawaambia."

Mke naye alicheka. Alikuwa na mtoto kifuani, usingizi machoni, na hakuona haja ya kuharakisha.

Neno "nitawaambia" lilikaa katika nyumba ile kuliko samani zote. Mwaka wa kwanza alikumbushwa, akasema anasubiri mkurugenzi atoke safari. Mwaka wa pili alipandishwa cheo kwa ajili ya utafiti ule, akasema si vizuri kuwaaibisha watu waliompandisha wiki hiyo hiyo. Wakapata mtoto wa pili. Chuo kikuu kikampa uprofesa. Hapo mke alipouliza, mume alikasirika kwa mara ya kwanza, akauliza kama anataka watoto wasikie baba yao akiitwa mwongo. Jambo ambalo mwanzoni lingetaka sentensi moja sasa lilitaka kesi nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyeumia tumbo hakuwa aliyesema ngoja.

Alimweleza mama yake mzazi siku moja. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, sifa za mumeo si zako? Mnalala nyumba mbili?" Tangu hapo hakumweleza mtu.

Usidhani aliacha kazi. Alifanya kazi miaka ishirini na sita zaidi, na kila alipopeleka wazo jipya, lilirudishwa na kikaratasi: Profesa ameshapitia? Alikuwa akiondoka ofisini na wazo lake, analivusha jikoni, analiweka mbele ya mumewe akila, mumewe anatia sahihi, na kesho yake linapita bila swali. Mawazo matatu yalipita hivyo. La nne alilichana. Wafanyakazi wenzake walimwona mtu wa kununa, wakasema Mama Soksi kwa kuwa ni mke wa mkubwa basi anaringa.

Wote wawili walikwisha kustaafu idara ilipojenga maabara mpya, jengo la vioo, ikatangaza kwamba litapewa jina la Profesa. Kamati ya historia iliandika barua kwa familia, ikiomba vitu vya kumbukumbu vya kuwekwa kwenye kabati la maonyesho. Mama Soksi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Kisha akatoa daftari la miezi kumi na moja kutoka chini ya shuka za wageni, akaliambatanisha na barua yake mwenyewe, kurasa tatu, akieleza nani alifanya nini. Akaipeleka kwa mkono. Mumewe aliambiwa jioni, bahasha ikiwa imeshagongwa muhuri. Profesa aliweka kijiko chini, hakukishika tena.

Kamati iliwaita wote wawili. Walikuwa watu watatu kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao msomi kijana, mpole, rika la binti yao. Alivaa glavu nyeupe kufungua daftari, na Mama Soksi alipoona glavu zile alipata matumaini, akaona hapa pana mtu anayeheshimu karatasi.

"Shikamoo mama," alisema mwenyekiti. "Tumeisoma barua yako, na daftari tumelipitia lote. Tatizo letu ni hili. Kila ukurasa, mwandishi ni Profesa. Wewe umeandikwa msomaji."

"Ndiyo. Mimi ndiye msomaji."

"Yaani ulikuwa ukimpitishia kazi yake, kuangalia makosa."

"Nilikuwa nasoma mita."

Alieleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, mikono yake ikishika uzi ambao haukuwapo, ili waone kwa nini msomaji asingeweza kuandika. Mwenyekiti alimsikiliza bila kumkatiza. Akauliza kama kuna mwongozo wowote wa idara unaosema kwamba msomaji maana yake ni huyo. Hapakuwa na mwongozo. Akauliza kama yuko shahidi mwingine. Fundi mkuu alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita.

"Na haya maneno," aliuliza mwenyekiti, "nani aliyachagua?"

"Mimi."

Mjumbe mmoja, mwanamke wa makamo, alitazama chini. Mwenyekiti alivua glavu taratibu.

"Mama, usinielewe vibaya. Kama ingekuwa kazi yako, kweli ungejiita msomaji?"

Hakujibu. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu kama maisha yake: kwamba siku ile palikuwa na kazi mbili na maneno mawili, na kwamba haikumpitikia kamwe kuwa ipo siku mtu atataka kujua nani kati yao ni mkubwa. Mtu aliyekuwa akifikiria kioo hakufikiria kabati la maonyesho. Alibaki akimwangalia mwenyekiti, na ukimya wake ukaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Akabaki shahidi mmoja. Wote wakageuka kumtazama Profesa, ambaye alikuwa ameketi pembeni akizungusha kofia magotini. Mkewe naye alimtazama. Miaka thelathini na saba ilikuwa imeletwa pale mezani, na ilitaka ndiyo moja tu.

"Profesa, unasemaje?"

Profesa alikohoa. "Mke wangu alinisaidia sana," alisema. "Bila yeye nisingefika popote."

Hakuna neno la uongo hapo. Hata mahakamani usingempata. Kamati ikaguswa, ikamshukuru, ikafunga daftari.

Nyumbani Mama Soksi hakupiga kelele. Alivua viatu, akamwita mumewe akae, akamwambia kwamba haondoki, na watoto hatawaambia, na jengo liitwe wanavyotaka.

"Nataka sentensi moja," alisema. "Mbele za watu, kwa mdomo wako. Siku ya uzinduzi. Ukishaisema, mimi na wewe tumemalizana."

Safari hii mzee hakusema nitawaambia. Alilia, na kilio cha mwanamume wa umri ule kinachosha kukisikiliza. Wiki zilizofuata alikula kidogo. Asubuhi mkewe alimsikia bafuni akijifunza sentensi ile, maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikike, akiianza, akiikosa, akiianza tena. Na hapo, japo hakutaka, alimhurumia. Alianza hata kumwekea chai.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, spika mbili kubwa, na mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa. Mama Soksi aliwekwa safu ya mbele, kiti kilichobandikwa karatasi: Mke wa Profesa. Binti yao alikaa nyuma yake. Kabati la maonyesho lilikuwa mlangoni, na daftari ndani yake, limefunguliwa.

Profesa aliitwa. Alikwenda polepole, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, na karatasi ya hotuba aliyokuwa ameandikiwa akaikunja akaitia mfukoni. Mama Soksi alisogea ukingoni mwa kiti. Alijua ni sasa.

"Kazi mnayoniheshimu kwayo si yangu," alisema Profesa, kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo. "Ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyegundua. Mimi nilikuwa msaidizi wake."

Akaimaliza. Yote, bila kukosa neno, mbele ya watu mia nne.

Makofi yakalipuka, watu wakasimama, wanawake wa safu za nyuma wakapiga vigelegele. Profesa aliinua mkono. "Sitanii," alisema, "ni kweli, ni kazi yake," na makofi yakazidi, sasa yamechanganyika na kicheko kitamu, kile ambacho watu hucheka wakiona wazee wanaopendana. Mgeni rasmi alijifuta jicho. Mwenyekiti wa kamati alikuwa akipiga makofi kuliko wote. Mshereheshaji aliichukua maikrofoni kwa heshima kutoka mikononi mwa mzee, akawauliza wanaume kama wamesikia, Profesa mzima, na elimu yote ile, anajiita msaidizi wa mkewe, na nyuma ya kila mwanamume aliyefanikiwa si yuko mwanamke. Akaagiza maua. Mama Soksi akasimamishwa, akapewa, kwa ajili ya uvumilivu wake.

Profesa alirudi kitini akihema kama mtu aliyetua mzigo. Aliinama kwa mkewe.

"Nimesema," alinong'ona.

"Umesema."

"Mbona wanacheka?"

Mama Soksi aliyaweka maua magotini. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile za mita na chai hakuwa na kosa la kumshika nalo, na hilo lilimchoma kuliko yote, maana hasira yake ilikuwa imebaki bila mwenyewe. Alichodai alikuwa amelipwa chote.

Binti alikuja kwa nyuma, akamkumbatia shingoni, mashavu yake yamelowa.

"Mama," alisema, "mimi sijapata kuona mwanamume anayempenda mke wake hivi. Hata kazi yake ya maisha yote amekupa wewe."

Mama Soksi alimpa maua amshikie, akanyoosha gauni, akaenda mlangoni, maana utepe ulikuwa umeshafungwa na mgeni rasmi alikuwa amesimama na mkasi akimsubiri mke wa Profesa.